Habari ya Mwezi na Isnadi Yake



Wazee wetu, mama zetu na ndugu zangu wa Barking, Mwenyezi Mungu azitakabali saumu zetu.

Mwaka mmoja, jioni ya siku ya 29, mimi ninayesema nanyi niliwapelekea jamaa ramani niliyoitoa katika tovuti moja. Ilidai kuwa mwezi umekwisha kuzaliwa, basi London utaonekana. Nyumba moja ikala siku ya 30 kwa kuniamini, ikabakiwa na deni la kulipa.

Tovuti ile ilichanganya mambo mawili. Mwezi huzaliwa wakati mmoja kwa dunia nzima, unapopita baina yetu na jua, na hesabu huujua wakati huo hadi dakika. Kuandama ni jambo jingine: sharti mwezi kwanza ujitenge na jua. Mfaransa André Danjon alibainisha kwamba ukiwa umejitenga chini ya nyuzi 7 hivi, jicho halioni hilali.

Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuitendea kazi. Wanazuoni wa Hadithi wakatuwekea mizani: nani anasema, kapokea kwa nani, na je, ni mkweli mwenye kuhifadhi? Mizani hiyo inatufaa hata katika elimu ya anga.

Tazameni HM Nautical Almanac Office ya hapa Uingereza. Almanaki ya mabaharia inayoitoa ilianza na mwaka 1767. Ramani zake za hilali zafuata kanuni ya Bernard Yallop ya mwaka 1997, aliyeipima hesabu yake kwa taarifa 295 za watazamaji, walioona na waliokosa. Nayo hainadi yakini tupu: huigawa dunia madaraja, kuanzia panapoonekana kwa wepesi hadi pasipoonekana kabisa. Kutufunguza si kazi yake. Hilo ni la mashahidi na wanazuoni.

Tovuti yangu haikuwa na jina la msemaji, wala chanzo, wala neno "huenda". Nikajituliza kwa kuwa nyingine kumi zilisema vilevile. Kumbe zilinakiliana, na kumi walionakiliana ni mpokezi mmoja.

Basi ndugu zangu, iwe ni mwezi, dawa au somo la mtoto, tuulize isnadi kabla kidole hakijasambaza. Anayepeleka habari naye ni mpokezi, na ataulizwa.

Nyumba ile niliiomba radhi. Namuomba Mola anisamehe.

Wabillahi tawfiq.