Kudai Mkataba si Kumtukana Ndugu

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa serikali, Natta, wilayani Serengeti.)



Nimeombwa nizungumzie mikataba baina ya wenye kujenga na ofisi ndogo za wasanifu majengo. Huenda wengine mnajiuliza jambo hilo latuhusu nini sisi wa Natta, ambako nyumba nyingi zimesimama kwa akili ya fundi na kamba yake. Latuhusu, kwa kuwa watumishi wengi hujenga kwa mkopo wa mshahara, na mkopo huo hukatwa kila mwezi hata kama nyumba imekwama kwenye lenta.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipotaka kujenga nilimwendea kijana mmoja mwenye ofisi ya chumba kimoja mjini Musoma, niliyesoma naye sekondari. Tulikubaliana tukinywa chai. Alitaja bei, nikampa nusu, tukapeana mikono. Akaleta michoro ya vyumba vitatu. Mke wangu akasema jiko lihamie nyuma. Mama akataka chumba chake kiwe karibu na mlango. Mimi nikaongeza veranda. Mara nne alichora upya, na mara mbili alipanda basi kuja kupima kiwanja. Alipodai nyongeza nilikasirika, nikaona rafiki amenigeuka. Yeye aliona nimemtumikisha bure. Hatukusemezana zaidi ya mwaka mmoja. Nami, niliyezoea kuandika habari za unyonyaji wa watu wengine, sikuuona wangu.

Kwetu, kumwambia jamaa "tuandikiane" huonekana kama kumwambia "sikuamini". Lakini ukigombana na mgeni, kila mtu hushika njia yake; jamaa mtakutana naye msibani na harusini. Kwa hiyo jamaa ndiye wa kuandikiana naye kwanza. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haikatai maafikiano ya mdomo. Taabu ni kuyathibitisha pindi kila mmoja anapokumbuka lake.

Karatasi yenyewe haihitaji kuwa ndefu. Iseme kazi inaishia wapi: kwenye mchoro wa awali, kwenye michoro kamili ya kuombea kibali cha ujenzi halmashauri, au pamoja na kukagua kazi ya fundi. Iseme mabadiliko mangapi yamo ndani ya bei. Malipo yafuate hatua za kazi, nauli itajwe peke yake, na risiti itolewe.

Jambo linaloharibu kazi nyingi, hata hivyo, ni kauli. Mwenye nyumba yuko Dodoma, mdogo wake anasimamia, shemeji ananunua saruji. Fundi humsikiliza aliye karibu. Dirisha hupanuliwa, nondo hupunguzwa, na nyufa zikitokea hulaumiwa msanifu. Mkataba umtaje mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho, na kila agizo la kubadili lije kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu.

Mwenye kujenga naye ana haki zake. Sheria Namba 4 ya mwaka 2010 inamtaka msanifu, ambaye sheria humwita mbunifu majengo, pamoja na ofisi yake, wasajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Muulize cheti kabla ya bei. Na msanifu anayepokea bahasha ya mwenye duka la vifaa, kisha akakushauri ununue huko, amekwisha kukuuza.

Yapo pia mazoea ya kumwazima jirani ramani. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi za usanifu majengo. Isitoshe, udongo wa jirani si udongo wako.

Tunajivunia Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, kwa kuwa lilisanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli. Lakini kijana anayelipwa nusu kila mara hatafika huko. Atafunga ofisi akauze laini za simu.

Mimi na rafiki yangu tulisuluhishwa na mzee mmoja wa hapa, nikalipa deni kwa awamu mbili. Sasa ananichorea jiko la nje. Safari hii, kabla chai haijaletwa, alitoa karatasi mbili, moja yake na moja yangu, nikatia sahihi. Veranda bado haijajengwa.