Reli Yetu ya Kusini: Jana na Kesho

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani na wa sasa.)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya reli ya kusini. Nadhani nimechaguliwa kwa ajili ya umri tu. Mimi na reli ile tulianza mwaka mmoja, 1949. Yenyewe haikufikisha miaka kumi na minne, na mimi bado nipo. Basi aliyebaki na amsemee aliyetangulia.

Nimeongea na wanafunzi kadhaa asubuhi hii. Wengi hawakujua kwamba treni ilipata kufika Masasi. Wanalijua tuta refu wanalopitia kwenda shambani, lakini hawajui lilitungwa kwa ajili gani. Kwa hiyo itanibidi nianzie mbali kidogo.

RELI YA KARANGA

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ukatolewa mpango wa kulima karanga hapa Tanganyika kwa matrekta, katika eneo la zaidi ya ekari milioni tatu. Kazi ikaanza mwaka 1947. Mahali palipochaguliwa palikuwa patatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kongwa na Urambo zilikuwa karibu na Reli ya Kati. Nachingwea haikuwa na reli wala bandari ya maana, hivyo vyote viwili vikajengwa.

Njia ya kwanza ilitoka Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, ikapita Ruo hadi Nachingwea. Ilifunguliwa mwaka 1949. Mkwaya palikuwa pa muda tu, maana meli kubwa hazikuweza kufika. Bandari yenye kina kirefu ikajengwa Mtwara, ikafunguliwa mwaka 1954, na reli ikaunganishwa nayo. Miaka michache baadaye tawi moja likaletwa Masasi.

Sasa vijana angalieni tarehe hizo. Mpango wa karanga uliachwa mwaka 1951, baada ya kula pauni milioni 36 hivi. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954. Yaani mzigo ulikufa kwanza, na bandari na reli yake zikakamilika baadaye. Wakulima wetu hawakuulizwa wanalima nini wala wanataka kusafirisha nini. Tena reli ile haikuungana na reli nyingine yoyote ya nchi hii; ilikuwa kama kisiwa. Mizigo haikutosha, hasara ikazidi, na mwaka 1962 ikafungwa.

MAISHA YA NJIANI

Hata hivyo, msidhani kwamba kwa kuwa reli ilikuwa ya hasara, basi haikuwa na faida kwetu. Hesabu ya wenye reli ni moja, na hesabu ya watu wa njiani ni nyingine.

Baba yangu alikuwa kibarua wa genge la njia, upande wa Ruo. Kazi yao ilikuwa kushindilia kokoto chini ya mataruma, kukaza vifungo, kufyeka majani na kuzibua makalavati kabla ya masika. Kila genge lilikuwa na kipande chake na mnyapara wake, na lilikionea fahari. Mvua kubwa ikinyesha usiku, baba alikuwa akiamka kabla ya kuitwa.

Mama zetu waliuza mihogo ya kuchemsha, ndizi na maembe kwenye madirisha ya mabehewa. Siku ya treni ndiyo ilikuwa siku ya kuonana na watu: Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua, kila mmoja na mzigo wake na habari zake. Mgonjwa aliyekuwa akibebwa kwa machela siku mbili alifika kwa saa chache. Wanafunzi waliotutangulia katika shule hii walikuja na masanduku yao ya bati kwa treni. Sisi tuliofuata, miaka ya sitini na kuendelea, tulikuja juu ya magunia ndani ya lori, na masika tulishuka kulisukuma.

Treni ilipokoma, walikuja watu wa kung'oa reli. Genge la baba, lililokuwa likiitunza njia, ndilo lililopewa kazi ya kuing'oa. Walilipwa, wala hakulalamika. Lakini tangu hapo, akienda shambani, alizunguka nyuma ya kijiji ili asipite juu ya tuta. Sikupata kumwuliza sababu, na sidhani kwamba angenijibu.

MZIGO ULIOKUJA BAADAYE

Kwa fedha zake za mwisho za reli, baba alipanda mikorosho. Hakuwa peke yake. Kusini nzima ilikuwa ikipanda mikorosho miaka ile. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata tani 145,000 hivi za korosho, na sehemu kubwa ya zao hilo ilitoka huku kwetu. Hiyo ilikuwa miaka kumi na mmoja tu baada ya reli kufungwa.

Wanafunzi wa hesabu nisaidieni. Tuchukue nusu tu ya korosho hizo, na tuseme behewa moja hubeba tani 30. Hayo ni mabehewa zaidi ya 2,400 kwa msimu mmoja. Reli iliyosemekana haina mzigo iling'olewa wakati mzigo wake ungali mche shambani.

Mimi sitaki kutia chumvi. Korosho nazo ziliporomoka. Katikati ya miaka ya themanini zao la nchi nzima lilikuwa limeshuka chini ya tani 20,000, kwa sababu ya ugonjwa wa ubwiriunga, bei mbaya, na watu kuhamishwa mbali na mashamba yao wakati wa kuanzisha vijiji. Pengine reli ingepata hasara tena. Lakini somo ni lile lile: njia inayotegemea zao moja huanguka pamoja na zao hilo.

Na gharama ya kukosa njia tuliilipa sisi. Kwa miaka mingi, mvua zikinyesha, kusini ilikatika na Dar es Salaam. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003 tu. Kabla ya hapo tulingoja kivuko, wakati mwingine kwa siku kadhaa, na mwalimu akipangiwa kazi huku alilia kabla ya kufungasha.

RELI INAYOZUNGUMZWA SASA

Leo tunasikia habari njema. Serikali ina mpango wa kujenga reli ya kisasa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, Ziwa Nyasa, pamoja na matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Urefu wake wote ni kama kilomita 1,000. Wapo watakaosema hiyo ni ndoto. Nawakumbusha kwamba mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na hiyo nayo iliitwa ndoto.

Mimi naitaka reli hiyo kuliko wengi waliomo katika ukumbi huu. Makaa ya mawe ya Ruvuma sasa yanashuka bandarini Mtwara kwa malori, na barabara inaumia. Lakini naomba tusiishie kupiga makofi. Reli ya kwanza ilikuja kwa ajili ya karanga za watu wengine. Hii ya pili isije ikawa ya makaa na chuma tu, inapita mbele ya milango yetu bila kusimama. Chuma na makaa vitaijenga, na ni haki yake. Lakini korosho, ufuta, mbaazi, muhogo na saruji ndivyo vitakavyoifanya iwe yetu. Haba na haba hujaza kibaba, na magunia ya wakulima wadogo yanaweza kujaza behewa, mradi yawe na mahali pa kukusanyikia.

Mahali hapo tunapo tayari. Tangu utaratibu wa stakabadhi ghalani uanze, korosho zetu hupita kwenye maghala ya vyama vya ushirika. Basi swali la kuuliza katika mikutano ya vijiji ni hili: stesheni itakuwa karibu na ghala lipi? Na swali la pili: watakaopisha njia watalipwa lini, kabla ya tingatinga au baada yake? Maswali haya huulizwa mapema, ramani ikiwa bado ni penseli.

MAOMBI YANGU MATATU

Kwanza, kwa wanafunzi. Wazee waliofanya kazi katika reli ile wamebaki wachache sana, na mimi niliyekuwa mtoto wakati huo sasa natembea kwa mkongojo. Chama chenu cha historia kitoke na daftari, kiandike majina ya stesheni, magenge na vijiji, kichore ramani ya tuta kabla halijalimwa lote. Kazi hiyo haihitaji fedha. Inahitaji miguu na masikio.

Pili, kwa walimu. Reli inataka wapima ardhi, mafundi umeme, mafundi chuma na wahasibu. Isije siku hiyo ikatukuta hatuna wa kumpeleka isipokuwa vibarua wa kufyeka majani. Baba yangu alikuwa kibarua mwema, lakini hakunileta shuleni ili nirithi panga lake.

Tatu, kwa sisi wazee wa shule hii. Tunachanga kila mwaka kwa ajili ya rangi na madawati. Mwaka huu napendekeza tuongeze fungu la vitabu na vifaa vya fizikia na hesabu. Mimi naanza kwa kutoa mchango wangu leo kwa mhazini, na ataandika stakabadhi mbele yenu.