Kutambua Sarafu Bandia: Mzani Kwanza, Sumaku Baadaye

Mada iliyoandaliwa kwa semina ya wakusanyaji na wauzaji wa sarafu za kale, Kiboriloni, Moshi



Nimeelekezwa nianze na maana ya istilahi, nami nitazipita haraka kwani mnazifahamu. Sarafu bandia ni ile iliyotengenezwa ili mnunuzi aidhanie halisi. Riale ya Maria Theresa iliendelea kugongwa karne mbili na zaidi ikiwa na mwaka uleule wa 1780. Toleo kama hilo la baadaye si bandia, ila bei yake haiwezi kuwa ya toleo la awali. Hayo yanatosha.

Sasa niingie kwenye sumaku, na mniwie radhi nikikaa hapo. Muuzaji anatoa rupia ya enzi za ukoloni wa Mjerumani, anaisogezea sumaku iliyong'olewa kwenye spika mbovu, rupia haishikwi, mnunuzi analipa. Tumelisema hili kila tunapokutana na bado linaendelea. Sumaku inakamata chuma. Fedha haishikwi, ni kweli. Lakini hata shaba haishikwi, wala zinki, wala risasi, wala bati. Anayeghushi analijua hilo vizuri kuliko sisi, ndiyo maana hatumii chuma.

Kipimo ni uzito. Rupia moja ya fedha, ya 1890 hadi 1914, ina gramu 11.66, kipenyo cha milimita 30 na kidogo, na fedha sehemu 917 katika 1,000. Iliyochakaa hupungua kidogo. Ikisoma gramu 9 na ushei, rudisheni. Ikiwa uzito umelingana, bado ipimeni majini. Chukueni mzani wa sonara unaosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, wekeni glasi ya maji juu yake, urudisheni kwenye sifuri. Ifungeni sarafu kwa uzi wa kushonea, izamisheni yote bila kugusa kitako wala ukuta wa glasi. Fedha halali itasoma takriban 1.13. Mchanganyiko wa shaba na nikeli wenye uzito uleule utasoma karibu 1.3, na hapo maneno ya muuzaji yamekwisha. Rupia iliyowahi kuwa kidani na bado ina kikonyo cha risasi haifai kwa kipimo hiki.

Baada ya hapo tazameni ukingo. Sarafu iliyosubiwa kwenye kalibu huwa na mshono uliosuguliwa kwa tupa, mistari ya ukingo inakatika pale, na kwenye uso kuna vitundu vidogo mfano wa chapati.

Someni na mwaka pia. Hakuna rupia ya Mjerumani ya 1885, wala ya 1895, wala ya 1918. Ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye ndovu na mlima nyuma yake, iligongwa Tabora mwaka 1916 kwenye karakana ya reli. Ni kama 16,000 tu, kila moja gramu 7.17 hivi. Watu wa huku tunaipenda kwa ajili ya ule mlima, na mapenzi hayo yanatugharimu.

Habari za sarafu inayodaiwa "kuvuta mchele" kama sumaku ivutavyo chuma sitazijadili. Huo ni utapeli, na uko hadi India.

Mapendekezo. Kila kikundi kinunue mzani. Bei yake ni ndogo kuliko hasara ya rupia bandia moja. Wasio na mzani waende kwa sonara kabla ya kulipa. Sumaku itumike kukataa tu, isitumike kukubali. Muuzaji asiyekubali sarafu yake ipimwe majini, msinunue kwake. Msizisugue sarafu kwa majivu wala mchanga, maana mnafuta alama tunazozitafuta. Ziandikwe uzito, kipenyo na mwaka kwenye daftari, pamoja na jina la aliyeuza. Narudia: uzito. Anayetaka kupeleka sarafu nje ya nchi aulize kwanza Idara ya Mambo ya Kale. Sina mamlaka ya kuwajibia. Sarafu iliyothibitika kuwa bandia isirudishwe sokoni kwa bei ya chini ili kupunguza hasara, jambo ambalo baadhi yetu tulio humu ndani tunalifanya. Itobolewe katikati, ibaki ya kufundishia.