Penseli, Farasi na Ngome ya Ndoto

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa wahitimu wa madarasa ya kisomo.)



Leo tumekuja kuzungumza nanyi juu ya kuchora. Hatusemi kuchora ramani ya shamba wala choo bora. Leo tunasema kuchora vitu vya kubuni: farasi mwenye mbawa, mfalme, ngome juu ya mlima, mambo ya hadithi.

Tunajua baadhi yenu mnacheka. Mnasema, "Mtu mzima na mvi zake achore farasi? Hiyo si kazi ya watoto?" Haya, tuwaulize. Jioni watoto wakikaa karibu na moto, nani huwasimulia hadithi? Si ninyi? Nani huwaambia habari za farasi wa mpingo aliyeruka angani, yule wa Elfu Lela Ulela? Ni watu wazima. Basi aliye na mdomo wa kusimulia, ana mkono wa kuchora.

Tena iko sababu kubwa zaidi. Mkono uliojifunza kuandika ukikaa bila kazi, husahau. Wako wenzetu waliohitimu, wakaichomeka penseli kwenye nyasi za paa, na leo kuandika jina tu wanatoka jasho. Anayechora kidogo kila jioni, vidole vyake havigandi.

PENSELI NI KITU GANI?

Ile nyeusi iliyo ndani ya penseli ni madini yaitwayo kinywe. Kinywe kipo hata hapa kwetu Tanzania, kwa mfano huko Mahenge. Zamani kinywe kizuri cha penseli kilitoka Uingereza. Wafaransa walipopigana vita na Waingereza, walikikosa. Ndipo mwaka 1795 Mfaransa mmoja, Nicolas-Jacques Conté, akapata njia. Alisaga kinywe, akachanganya na udongo wa mfinyanzi, akauchoma kama vile mama zetu wanavyochoma vyungu. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na huandika hafifu. Kinywe kikizidi, huwa laini na nyeusi.

Tazameni penseli zenu. Yenye herufi H ni ngumu. Yenye B ni laini. HB ni ya katikati. Kama unayo moja tu, usisikitike. Ukiigusisha karatasi polepole, utapata rangi hafifu. Ukikandamiza, utapata rangi nyeusi.

FARASI HUYU TUTAMWONA WAPI?

Mtasema, "Farasi hayupo kijijini." Ni kweli. Sehemu nyingi za nchi yetu farasi ni wachache, maana mbung'o huwaambukiza ugonjwa wa nagana, wakafa. Lakini punda mnamjua. Punda na farasi ni ndugu. Anza na punda, kisha mbadilishe.

Kwanza, masikio. Ya punda ni marefu, ya farasi ni mafupi. Pili, nywele za shingoni. Za punda ni fupi na zimesimama. Za farasi ni ndefu na huangukia upande. Tatu, mkia. Wa punda una nywele nyingi mwishoni, kama wa ng'ombe. Wa farasi una nywele ndefu tangu juu.

Sasa kipimo. Chora kichwa kwanza, kisha kitumie kama rula. Urefu wa farasi kutoka kifuani hadi matakoni ni kama vichwa viwili na nusu. Kimo chake kutoka ardhini hadi mabegani ni karibu vivyo hivyo. Halafu tazama miguu ya nyuma. Ina kiungo kinachochomoza nyuma, kama cha mbuzi. Wengi hukosea hapo, wakachora miguu minne kama nguzo za banda.

Msidhani ni sisi tu tunaokosea. Kwa miaka mingi wachoraji wakubwa wa Ulaya walichora farasi anayekimbia akiwa amenyoosha miguu ya mbele kwenda mbele, na ya nyuma kwenda nyuma, yote hewani. Mwaka 1878, huko California, Marekani, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia. Farasi alipopita mbio alikata nyuzi, na kila uzi ukafyatua kamera yake. Picha zikaonyesha kwamba ni kweli kuna wakati farasi hagusi ardhi. Lakini wakati huo miguu imekunjwa chini ya tumbo! Wachoraji wale walikuwa na farasi kila siku mbele ya macho yao. Waliigana wao kwa wao.

Hilo ndilo neno letu la leo: ukitaka kuchora usichokiona, anza na unachokiona. Farasi wako ana mbawa? Vema. Mtazame mwewe akitua, uone mbawa zinavyotoka begani na zinavyokunjwa. Hapo hata mtoto atasadiki kwamba farasi huyo anaruka.

NGOME YA MFALME

Ngome nayo ina sababu zake. Walioiona ile ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, wanajua kuta zake zilivyo nene. Ukuta ni mnene ili uhimili mizinga. Mnara ni mrefu ili mlinzi aone mbali. Tundu la ukutani ni jembamba ili adui asipenyeze risasi. Kila unachochora kwenye ngome yako, jiulize: hiki kina kazi gani? Usitie dirisha pana chini karibu na lango. Ala! Adui ataingia bila hodi.

Sasa sikilizeni habari ya Mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Alipenda mno hadithi za kale. Akataka ngome ya ndoto juu ya mwamba. Picha zake zilichorwa na Christian Jank, mtu aliyechora mandhari za michezo ya kuigiza. Jiwe la msingi la ngome hiyo, iitwayo Neuschwanstein, liliwekwa mwaka 1869. Mfalme akawa anabadili mawazo mara kwa mara, na kila badiliko la mawe ni fedha. Madeni yakamlemea. Mwaka 1886 akaondolewa katika ufalme, na siku chache baadaye akafa ziwani. Ngome haikuwa imekwisha. Mwaka huohuo ikafunguliwa kwa watu wanaolipa kiingilio, na hata leo wageni wengi huenda kuitazama.

Mnaona, ndugu zetu? Badiliko la mawe lilimfilisi mfalme. Badiliko la penseli linataka raba tu. Ndoto iliyo kwenye karatasi haimtii mtu deni. Mnara umepinda? Futa. Lango ni dogo? Futa, chora upya. Mkulima mwenye daftari moja anaweza kuwa na ngome kumi, na bado akalala bila kudaiwa.

TUANZE VIPI?

Chora ngome mbali, juu ya kilima. Ifanye ndogo na hafifu, maana kitu cha mbali huonekana hivyo, kama milima asubuhi. Chora farasi karibu, mkubwa na mweusi zaidi. Amua jua liko upande gani. Kivuli cha farasi, cha mnara na cha mti vyote viangukie upande mmoja. Halafu chini ya picha andika maneno mawili matatu: ni ngome ya nani, na farasi anakimbilia wapi. Hapo umechora, umeandika na umetunga hadithi yako mwenyewe.

Wa kwanza kukucheka atakuwa jirani. Wa pili utakuwa wewe mwenyewe. Msiwajali wote wawili. Mtoto wako akiuliza, "Baba, farasi huyu ana kwato ngapi?" jibu linalo faida kuliko kicheko chao. Itoeni penseli kwenye nyasi za paa, muichonge leo.