Waridi Ndani ya Debe
(Maneno ya Mwenyekiti katika mkutano wa kutimiza miaka kumi ya kikundi)

 

Hesabu za miaka kumi ameshazisoma mweka hazina na mmezisikia, mimi sizirudii. Nimeombwa niseme juu ya mawaridi, kwa sababu jambo hili limeleta maneno mengi kikundini tangu mwaka jana. Wako wanaosema maua hayaliwi, mkopo wa maua ni mkopo wa mchezo. Wako wanaosema mbona wa vitenge anakopeshwa, wa mandazi anakopeshwa, sisi wa maua tuna kasoro gani? Kwa hiyo nitaeleza kazi yenyewe ilivyo, halafu nitasema msimamo wangu bila kuficha, na mkutano mkuu ndio utakaoamua.

Kwamba maua hayaliwi ni kweli. Lakini jamani, sisi ni watu wa Tanga. Harusi gani hapa imepita bila asumini na waridi? Maulidi gani isiyokuwa na mrashi? Mwezi wa Shaaban, watu wanapokimbizana kuoza kabla ya Ramadhani, na Mfungo Sita wakati wa Maulidi, mtu anatafuta mawaridi ya kumpamba bibi harusi anazunguka mtaa mzima hapati. Akipata, ni ya kutoka Arusha, yamesafiri na basi usiku kucha, marefu, mazuri ya macho, lakini ukiyanusa hayana kitu. Kwa hiyo wanunuzi wapo. Ninachotaka tuangalie ni uwezo wetu, sisi wenye ua wa hatua nne na wenye kukaa chumba kimoja cha kupanga.

Hapo ndipo inapokuja habari ya mwaridi mfupi unaorudia kuchanua. Msidhani miwaridi yote ni sawa. Iko inayochanua mara moja tu kwa mwaka. Kule Oman, katika milima ya Jabal Akhdar, watu wanatengeneza marashi kwa waridi la namna hiyo. Linachanua kati ya mwezi wa tatu na wa tano, wanachuma, wanapika marashi, basi mpaka mwaka ujao. Wao wana mashamba mlimani, linawafaa. Wewe mwenye madebe matatu huwezi kungoja mwaka mzima.

Mwaridi wa kurudia asili yake ni China. Wazungu waliupata mwishoni mwa karne ya 18, wakauchanganya na ya kwao, ndiyo maana leo miwaridi mingi ya bustani inachanua mara kwa mara. Na ule mdogo kabisa, usiozidi magoti, una kisa chake kilichonifurahisha niliposomewa. Zaidi ya miaka mia iliyopita daktari mmoja wa jeshi la Uswisi, aitwaye Roulet, aliukuta umepandwa katika vyungu madirishani mwa watu wa kijijini. Rafiki yake Correvon, mtaalamu wa mimea, akaueneza na kuupa jina la daktari huyo. Yaani hata huko ulilelewa na watu wa vyumba vidogo, juu ya dirisha.

Sasa kazi yenyewe. Debe la lita 20 linatosha mwaridi mmoja wa urefu wa kiunoni. Ule mdogo wa magotini unakaa vizuri hata katika ndoo ya lita 10 iliyopasuka mkono. Toboa matundu chini, si moja wala mawili, toboa sita au nane, kisha pandisha debe juu ya matofali ili maji yatoke. Mizizi ya waridi ikikaa ndani ya maji inaoza, na mtu anapoona majani yananyauka anazidi kumwagilia, akidhani ni kiu. Debe la bati linashika joto kali wakati wa kaskazi. Lizungushie gunia au liweke nyuma ya debe jingine, jua lipige majani, lisipige ubavu wa debe.

Udongo: chukua mafungu mawili ya udongo mwekundu, fungu moja la samadi iliyooza kabisa mpaka haina harufu, na fungu moja la mchanga. Mchanga uwe wa mtoni. Nasisitiza, kwa sababu mchanga wa baharini uko karibu na ni bure, lakini una chumvi na vipande vya kombe, unauua mmea polepole. Wenye kukaa kwenye mwamba wa matumbawe mtakuwa mmeona waridi la ardhini majani yake yanageuka manjano huku mishipa imebaki kijani. Hilo si gonjwa la kuambukiza. Ardhi ile ina chokaa nyingi na mmea unashindwa kupata madini ya chuma. Ndiyo maana kwetu debe lina faida kuliko shamba, maana udongo unauchagua mwenyewe. Na maji ya kisima yakiwa na ladha ya chumvi, kinga ya mvua. Huna ya mvua ya kutosha, basi mara moja moja mwagilia ya bomba mengi mpaka yamwagike chini, yaoshe ile chumvi iliyojikusanya.

Mwaridi unataka jua si chini ya saa sita kwa siku, na la asubuhi ni bora. Mwagilia asubuhi, shinani, usinyeshee majani. Ugonjwa mkubwa hapa pwani ni wa madoa meusi, na ukungu wake unahitaji jani libaki bichi kwa maji saa saba hivi ndipo uingie. Mwenye kumwagilia majani magharibi anauandalia kitanda. Wakati wa masika hatuna la kufanya na mvua, lakini tunaweza kutenganisha madebe upepo upite, na kuokota kila jani lenye madoa na kulichoma. Usilitie kwenye mboji. Wakati wa kaskazi adui ni utitiri, kadudu hakaonekani vizuri kwa macho, utaona jani limepauka kama limenyunyiziwa vumbi na chini yake kuna utando. Huyo hapendi maji. Mpige maji chini ya majani asubuhi, siku tatu nne mfululizo, na jani litakauka kabla ya jioni. Vidukari wanaondoka kwa maji ya sabuni kidogo au mwarobaini uliotwangwa na kulowekwa usiku. Dawa za dukani sizipendi katika nyumba zenye watoto wanaotambaa, na hayo ni maoni yangu, bwana shamba anaweza kuwa na yake.

Jambo linalowashinda wengi ni kukata. Mtu anaona huruma. Kina mama, ua likinyauka na kuachwa mtini, linafunga tunda, na mmea ukishapata tunda unaona kazi imekwisha, unapunguza kuchanua. Kwa hiyo likianza kulegea likate, shuka na kikonyo mpaka jani la kwanza lenye vijani vitano, kata juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Likitazama ndani tawi litakuja katikati, mti utasongamana na ukungu utapata mahali pa kukaa. Baada ya masika, mwezi wa sita hivi, ondoa matawi makavu na yanayokwaruzana, na yaliyobaki yapunguze theluthi moja.

Kutoka kukata mpaka kuchanua tena, kwa joto letu, ni wiki sita au saba. Hapo ndipo penye biashara. Mwezi wa Shaaban tunaujua tangu mapema. Hesabu wiki saba nyuma, kata miti yako yote kwa wiki moja, mpe samadi ya maji kila baada ya wiki mbili, na mawaridi yatakuja wakati yanapotakiwa. Asiyekata kwa hesabu atapata ua moja leo, moja keshokutwa, na maua mawili hayampambi mtu.

Kuzalisha ni rahisi na hakuna gharama. Chukua tawi lililomaliza kuchanua, unene wa penseli, urefu wa shubiri, lenye macho matatu au manne. Kata chini ya jicho, ondoa majani ya chini, chomeka theluthi mbili katika mchanga uliochanganywa na udongo kidogo, funika na chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, weka kivulini. Kipindi kizuri ni kusi, joto likiwa limepungua. Wiki nne mpaka sita mizizi inatoka. Matumba ya kwanza yatoe, mti ujenge mwili kwanza. Ila nawatahadharisha: aina mpya za makampuni zina wenyewe. Tanzania ilijiunga na mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea mwaka 2015, kwa hiyo kuzalisha aina hizo na kuuza miche bila idhini kunaweza kukuingiza matatani. Tuzalishe haya ya zamani ya nyumba za bibi zetu. Ndiyo yenye harufu, na hayana wa kukudai.

Sasa msimamo wangu. Sikubali mkopo wa mawaridi kwa masharti tuliyonayo. Marejesho yetu yanaanza mwezi wa kwanza. Kijiti kinachukua mwezi na nusu kupata mizizi tu, na miezi mingine kadhaa kabla ya kutoa maua ya kuuza. Utarejesha kwa kitu gani? Utachukua fedha ya mandazi, au ya ada ya mtoto. Tumeshaona hisa za mwenzetu zikitaka kukatwa kwa biashara ambayo haikuwa mbaya, ilichelewa tu. Kwa hiyo waanze kwa vijiti na makopo, bila deni. Na kama mkutano unataka kukopesha kitu cha kuota, liwe waridi, liwe mchicha, liwe kuku, basi tubadilishe kanuni, tuweke mkopo wenye miezi minne ya kungoja, wenye kiwango kidogo, na tuupigie kura leo, tusiuache ukawa wa kupeana kwa kujuana.

Wengine wameniuliza kwa nini nashikilia debe hata kwa wenye kiwanja kidogo cha kupanda. Yuko mwenzetu hapa, mjane, alipanda miwaridi kumi na mbili ardhini katika nyumba aliyopanga. Ilipoanza kuleta fedha mwenye nyumba akamtaka ahame kabla ya mwisho wa mwezi, na miwaridi ikahesabiwa kuwa mali ya kiwanja. Alikwenda kwa mjumbe, hakupata hata mmoja. Alichotoka nacho ni vijiti alivyofunga kwenye kanga mbichi usiku ule. Leo ana madebe tisa, na siku ya kuhama anapakia kwenye mkokoteni pamoja na vyombo vyake. Mashada mnayoyaona meza kuu ni ya kwake, na ameniruhusu niseme.

Vijiti viko kwa katibu, vimefungwa kwenye gunia lenye unyevu. Kila mwanachama achukue viwili, vyekundu na vya pinki vimechanganyika, msichague. Vichomekwe leo hii kabla ya magharibi. Asiyekuwa na chupa amwone mtunza ghala, tumekusanya za kutosha baada ya soda.