Mpira Ukiisha, Kliniki Bado Ipo

Mimi ni muuguzi wa jamii. Kama una kazi mkononi, endelea nayo. Chambua mboga, anika nguo. Mimi nahitaji sikio lako tu.

Leo nitaanza na mpira. Usishangae, na usibadilishe stesheni. Mpira huu utatufikisha kwenye kitabu cha kliniki cha mtoto wako.

Unajua Jumamosi jioni kunavyokuwa. Wanaume wanaoga mapema, wanavaa jezi, wanaelekea kwenye kibanda cha video. Wa Arsenal wanakaa huku, wa Manchester United wanakaa kule, na wale wa Gor Mahia na Ingwe wanachokozana tu hata kama timu zao hazichezi siku hiyo. Siku hizi hata kina mama wanaingia, na mimi mwenyewe nimeingia mara kadhaa. Ni mahali pazuri pa kupumzika baada ya wiki ya kazi ngumu.

Lakini watu hawazungumzi mpira peke yake. Mapumziko yakifika, mmoja anataja bei ya mbolea, mwingine anataja ugonjwa wa kuku. Mwingine anasema kichwa kinamuuma kila siku, na mwenzake anamwambia, "Nenda ukapimwe presha, mimi nilipimwa nikakutwa nayo." Hayo ni mazungumzo mema. Nimewahi kupokea wagonjwa waliotumwa kliniki na rafiki wa kibandani.

Shida huja pale neno lililosemwa kwa mzaha linaporudi nyumbani likiwa amri. Sikiliza yaliyonipata.

Siku moja mama mmoja alifika kliniki karibu saa saba mchana, wenzake wakiwa wameshaondoka. Mtoto wake alikuwa na miezi 11. Nilifungua kitabu cha mama na mtoto. Chanjo za kuzaliwa zilikuwepo, za wiki 6, 10 na 14 zilikuwepo. Ya surua na rubela, ambayo hutolewa mtoto akifika miezi 9, haikuwepo. Nikamwuliza sababu. Akatazama mlangoni kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sista, mdunge, lakini usiandike kitabuni. Baba yake amekataza."

Nikataka kujua kwa nini. Akaniambia mume wake alikuwa kibandani, watu wakawa wanazungumza juu ya wachezaji wanaoanguka uwanjani. Mmoja akasema, "Ni hizi chanjo. Zinaharibu moyo. Hata Eriksen alianguka kwa sababu hiyo." Hakuna aliyebisha, mechi ikaendelea. Baba akafika nyumbani akasema mtoto wake hatadungwa tena.

Nilimwambia mama, "Nitamchanja, lakini kuandika ni lazima. Nisipoandika, muuguzi mwingine hatajua mtoto amepata nini." Akafikiri, akakubali. Nikamchanja mtoto, nikaandika tarehe. Nikamwambia anaweza kupata homa kidogo siku hiyo au kesho yake. Nilikuwa nimechoka na nilitaka kufunga kazi, kwa hivyo nikaishia hapo. Hapo nilikosea, na nitakueleza kwa nini.

Siku ya nane, asubuhi, bodaboda ilisimama mbele ya kliniki. Akashuka mwanamume amembeba mtoto yule, na kitabu mkononi. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Ni wewe uliyemdunga mtoto wangu kwa siri?"

Nikamjibu, "Ni mimi, baba. Kwanza tumwangalie mtoto."

Nikampima joto. Alikuwa na homa na vipele vidogo kifuani. Nikamhesabia pumzi, nikamwangalia masikio, nikampima malaria. Hakuwa na malaria, alikuwa anapumua vizuri, na baba yake alisema amenyonya asubuhi. Tena alikuwa anavuta kamba ya kitambulisho changu akicheka.

Mama, hili ndilo nililopaswa kumwambia yule mwenzako. Chanjo ya surua ina virusi vya surua vilivyodhoofishwa. Mwili wa mtoto huchukua siku kadhaa kujifunza kupambana navyo. Ndiyo maana homa yake mara nyingi haiji siku ya sindano. Huja baadaye, kati ya siku ya 7 na ya 12, na watoto wengine hutoka vipele vichache. Kwa kawaida huisha yenyewe baada ya siku moja au mbili. Mama asipoambiwa hivyo, atadhani mtoto amedhuriwa.

Nilimwambia baba yule hayo yote. Nikamwambia pia, "Mkeo hakujua, kwa sababu mimi sikumwambia. Nisamehe kwa hilo." Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Na Eriksen je?"

Nilifurahi kuulizwa, kwa sababu mpira naupenda. Tukakaa kwenye benchi, nikamweleza kama ninavyokueleza wewe sasa.

Christian Eriksen wa Denmark alianguka tarehe 12 Juni 2021, timu yake ikicheza na Finland mjini Copenhagen. Moyo wake ulisimama. Siku hizo watu wengi walisema ni chanjo ya korona. Lakini kiongozi wa klabu yake ya wakati huo, Inter Milan, alisema waziwazi kwamba Eriksen hakuwa amechanjwa. Waliomwokoa ni madaktari waliomkandamiza kifua pale pale uwanjani na kuushtua moyo wake kwa mashine. Aliwekewa kifaa cha kulinda moyo, akarudi kucheza, na mwaka 2024 akaifungia Denmark bao katika mashindano ya mataifa ya Ulaya.

Sasa rudi nyuma. Tarehe 17 Machi 2012, Fabrice Muamba wa Bolton alianguka mjini London wakicheza na Tottenham. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78, lakini alipona. Mmoja wa waliomsaidia alikuwa daktari wa moyo aliyekuja kutazama mechi akiwa shabiki tu. Alishuka kutoka kwenye viti akaenda kusaidia. Na tarehe 26 Juni 2003, Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka mjini Lyon, Ufaransa, akafariki akiwa na miaka 28. Uchunguzi ulionyesha misuli ya moyo wake ilikuwa minene kupita kiasi, hali ambayo mara nyingi hurithiwa katika ukoo.

Mwaka 2003 na mwaka 2012 chanjo ya korona haikuwepo duniani. Wachezaji walikuwa wakianguka kabla yake.

Sitakuficha jambo. Baadhi ya chanjo za korona zilionekana kuleta uvimbe wa misuli ya moyo kwa watu wachache sana, hasa vijana wa kiume, na wengi wao walipata nafuu. Hilo ni kweli, na wataalamu walilitangaza wenyewe. Lakini hiyo ni chanjo nyingine, kwa watu wengine. Mtoto wa miezi 9 anakuja kwa chanjo ya surua na rubela, ambayo watoto wa dunia nzima wamepewa kwa miaka mingi. Kuikataa kwa sababu ya habari za korona ni kumpa kipa kadi nyekundu kwa kosa la beki wa timu nyingine.

Na surua si mchezo. Mgonjwa mmoja akikaa karibu na watu 10 wasio na kinga, hadi 9 wanaweza kuambukizwa. Virusi hubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Surua huleta nimonia, kuhara, maambukizi ya masikio, upofu, na wakati mwingine huvimbisha ubongo. Haina dawa ya kuiua. Tunampa mtoto vitamini A na kutibu madhara, basi. Chanjo ya miezi 9 hukinga watoto takriban 85 kati ya 100. Ndiyo sababu tunarudia akifika miezi 18, ili wale waliobaki nao wapate kinga.

Baba yule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Mbona hamkuniita?"

Sikuwa na jibu zuri. Sisi wauguzi tumezoea kuzungumza na mama, na baba tunamwachia kibanda. Halafu tunashangaa akisikiliza ya kibandani. Nilimwambia, "Kuanzia leo wewe pia ni wa kliniki." Mtoto alipofika miezi 18 walikuja wote wawili, na baba ndiye aliyemshika mtoto nikimdunga.

Basi mama, ukisikia neno la namna hiyo nyumbani kwako, usianze vita. Uliza maswali matatu kwa upole. La kwanza: ni chanjo gani hasa wanayoizungumzia? La pili: jambo hilo lilitokea lini na wapi? La tatu: aliyesema alilijuaje? Mara nyingi utakuta chanjo ni nyingine na aliyesema alisikia kwa mwenzake.

Kisha mwambie, "Baba watoto, twende pamoja umwulize sista mwenyewe." Mwanamume anayejua majina ya wachezaji wote wa akiba hawezi kushindwa kukumbuka tarehe ya kliniki. Mpe kitabu akisome, kina maelezo mengi. Kama hana nafasi mchana, mwombe mhudumu wa afya wa kijiji chenu apite jioni.

Na kama unajua kwamba kulitaja jambo hilo nyumbani kutakuletea kipigo, usilibebe peke yako. Tuambie sisi kwanza, faraghani. Tutatafuta njia pamoja.

Mtoto akipata homa baada ya chanjo, mvue nguo nzito na umnyonyeshe mara nyingi. Mpe dawa ya homa kwa kipimo ulichoelezwa kliniki, wala usimpe aspirini. Usipake kitu chochote mahali alipodungwa. Lakini mlete haraka, hata usiku, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au kuwa mgumu kuamka, akipumua haraka au kifua kikibonyea ndani. Homa ikipita siku mbili, mlete pia, kwa sababu inaweza kuwa malaria au ugonjwa mwingine uliokuja wakati huo huo.

Sasa chukua kitabu cha mtoto tukague pamoja. Alipozaliwa: kifua kikuu na polio. Wiki 6, 10 na 14: polio, na sindano inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na magonjwa mengine, pamoja na ya nimonia, na matone ya kuzuia kuhara. Miezi 6: vitamini A, na kila baada ya miezi 6 hadi afike miaka 5. Miezi 9: surua na rubela. Miezi 18: surua na rubela tena. Katika baadhi ya kaunti zenye malaria nyingi, kama za ukanda wa Ziwa Viktoria, kuna pia chanjo ya malaria, kwa hivyo uliza kliniki ya kwenu.

Ukiona nafasi tupu, usione haya na usiseme umechelewa. Njoo nayo hivyo hivyo. Chanjo iliyopitwa na tarehe yake kitabuni, nyingi bado tunaweza kumpa, na hatutakugombeza. Ukiona mhudumu anataka kukuaga bila kukueleza homa itakuja siku gani, mzuie umwulize. Mimi mwenyewe nimejifunza hivyo.

Jumamosi hii waache waende kwenye mpira, na ukipata nafasi nenda nawe. Mkirudi, ulizeni matokeo, chekeni, kuleni. Kisha fungueni kitabu cha mtoto mwangalie tarehe inayofuata.

Mlee mtoto vizuri, nawe ujitunze.