NYUMBA YA MAWE YA GAZI



Msafiri atokaye Likoni kwenda Lunga Lunga, akiisha kuipita Diani na kabla ya kufika Msambweni, huikuta Gazi upande wa bahari. Hapo ndipo ilipo nyumba ya mawe aliyokaa Sheikh Mbaruk bin Rashid, mkuu wa Mazrui wa Gazi. Baada yake ilitumiwa kuwa shule. Nataka kueleza kwa nini yafaa itunzwe.

Mazrui walitawala Mombasa hata mwaka 1837, Seyyid Said alipowashinda. Baadhi yao walikwenda Takaungu, wengine Gazi, wakawa na mashamba ya minazi na nafaka. Waliolima mashamba hayo ni watumwa.

Mwaka 1895 ilizuka fitina juu ya urithi wa utawala wa Takaungu. Kampuni ya Waingereza ilimpendelea mtu mmoja, Mazrui wengine wakakataa, na Sheikh Mbaruk akaingia vitani. Tarehe 1 Julai Serikali ya Uingereza ikaitwaa nchi mikononi mwa Kampuni, na mwezi wa Agosti askari wake wakaiteka Mwele, boma la Sheikh huko bara. Vita havikwisha mpaka walipoletwa askari kutoka Bara Hindi. Mwezi wa Aprili 1896 Sheikh alivuka mpaka, akajisalimisha kwa Wadachi. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910.

Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati za ardhi. Aliyeweza kuonyesha haki yake mbele ya mahakama alipewa hati. Bali Wadigo wengi, na wengi waliotoka utumwani, walibaki bila karatasi juu ya ardhi waliyoilima.

Basi yuko atakayeuliza: ya nini kuitunza nyumba ya bwana aliyemiliki watu? Jibu langu ni hili. Mwenye nyumba alikuwa mmoja; waliovunja mawe, waliochoma chokaa na waliokata boriti mikokoni walikuwa wengi. Majina yao hayakuandikwa katika hati yo yote. Ukuta ukianguka, ushahidi wao umekwenda pamoja nao.

Na utunzaji wenyewe una kanuni zake. Adui wa kwanza ni maji ya mvua: yakipenya darini, boriti huoza, na dari hushuka. Adui wa pili ni saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe hupumua kwa chokaa. Ukipakwa saruji, unyevu hufungiwa ndani, na jiwe huliwa polepole. Adui wa tatu ni jirani achukuaye mawe kwenda kujengea kwake. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi wa taifa imeweka njia ya kulinda majengo ya namna hii, lakini sheria haipandi juu ya paa kuziba tundu. Kazi hiyo ni ya wenyeji.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ukuta huu hauwezi kujengwa mara ya pili.